Siku Niliyoitikisa Chupa ya Bibi Mfaransa

Jamani, hili nalisimulia leo kwa sababu dada Neema mwenyewe amenipa ruhusa, maana ujinga ulikuwa wangu lakini nusura umtokee yeye puani, na mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Enzi hizo nilikuwa ughaibuni, Thamesmead, siku za wiki natunza wazee, wikiendi nachukua vibarua vya kuhudumia kwenye shughuli za wakubwa katikati ya jiji. Kibarua alinitafutia dada Neema, mtu wa Dodoma (kwao ndiko kwenye zabibu, kwa hiyo alijiona mtaalamu), msaidizi wa msimamizi wa ukumbi, na wiki ile alikuwa anasubiri kupewa usimamizi wenyewe.

"Kaka Aloyce," aliniambia huku ananifunga tai, "leo kuna mgeni mzito, bibi mwenye shamba la mizabibu Ufaransa. Ukiniharibia hii shift, promotion yangu ndiyo basi. Umenielewa?"

"Ondoa shaka, dada." (Ondoa shaka! Mimi huyu!)

Adhuhuri wageni kama arobaini wakakaa, nikatumwa chumba cha nyuma kuleta chupa ya mvinyo. Ilikuwa moja tu, imesimama peke yake mezani, ina vumbi, karatasi yake imegeuka rangi ya chai. Nikaiinua kwenye mwanga nikaona machicha mazito yametulia chini. Sasa mimi ni Mchaga wa Kibosho, nimekulia nyumba inayopika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na mbege ikikaa ulezi hushuka chini, ukimpa mgeni yale maji ya juu bila kuitikisa umemtukana. Nikasema moyoni, hawa Wazungu wamesahau, ngoja nimsitiri dada Neema. Nikaitikisa, tena si kidogo, niliitikisa kwa mikono miwili mpaka juu na chini pakawa kitu kimoja, nikaipangusa vumbi, nikaingia nayo ukumbini kifua mbele.

Bibi alikuwa amesimama anazungumza, mwembamba, viganja vina sugu kama vya mkulima yeyote wa kahawa. Alisema shamba lao ni changarawe tupu, babu wa babu yake alipopanda mizabibu majirani walimcheka, kumbe mizizi ilikuwa inashuka chini, chini kabisa, kutafuta maji. Alisema zabibu zao huchumwa kwa mkono na kuchambuliwa punje kwa punje, kisha mvinyo hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, na anayepanda mzabibu leo anampandia mjukuu. Nilisahau kama niko kazini, vinyweleo vilinisimama.

Kisha akaigusa ile chupa. Mwaka ulioandikwa kwenye karatasi yake, alisema, baridi iliua karibu shamba zima, na mama yake, akiwa na mimba yake yeye, ndiye aliyechuma kidogo kilichosalia. Hii ndiyo ya mwisho. "Imesimama siku tatu ili machicha yatulie," akamwonyesha Neema, "na huyu binti ameilinda kama mtoto mchanga."

Nikataka kusema ngoja, lakini kizibo kilikuwa kimeshatoka, bibi akamimina, na kilichotoka ni maji ya mto baada ya mvua. Meneja, bosi wetu sote, akamgeukia Neema.

"Nilikukabidhi wewe."

Ningeweza kunyamaza, kwa kweli nilifikiria kunyamaza, Mungu anisamehe.

"Ni mimi, madam," nikamwambia bibi. "Nimeitikisa."

"Kwa nini?" bibi akaniuliza.

Nikaanza kueleza mbege, Kiingereza kinaniporomoka, nikawaonyesha hadi jinsi tunavyotikisa (ndiyo, mbele ya watu arobaini, kwa mikono miwili). Akacheka mmoja, wakacheka wote. Bibi hakucheka. Alinusa ile glasi muda mrefu, akanywa yote, na machicha yake, akafumba macho.

"Mama yumo," alisema taratibu. "Umemvuruga, lakini yumo."

Akanimiminia na mimi. Nilionja udongo, na moshi, na kitu kingine ambacho sina jina lake, machicha yakaniparuza ulimi, na machozi yakanitoka palepale bila kuaga. Sijawahi kuona aibu namna ile, wala sijawahi kuheshimu kazi ya mikono ya mtu namna ile.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, mimi ujinga wangu siku ile ulikuwa kujua. Nimeapa, kitu cha mwenzangu nikikikuta kimetulia, sitakigusa mpaka nimeuliza, tena mara mbili.

Dada Neema usimamizi alipewa Jumatatu yake. Jina la kwanza alilolifuta kwenye orodha ya vibarua lilikuwa langu.