Sikio la Mukandutiye

Mukandutiye alianza kujifunza kinanda akiwa na miaka hamsini na saba, na msimcheke, maana kucheka alishaanza yeye mwenyewe. Ni fundi cherehani kwenye njia ya Petite Barrière, ile ya kwenda mpakani, anashona sare za shule na magauni ya kitenge, na kwa miaka ishirini na sita ndiye anayeanzisha nyimbo kwenye kwaya ya kanisa lao. Anasimama, anatoa sauti ya kwanza, wengine wanaingia. Hajawahi kuwapandisha juu mno wala kuwazamisha. Heshima yake mjini ilikuwa hiyo, na nyingine yoyote ungemnyang'anya asingegombana nawe.

Basi Rugema, mpiga kinanda wa kanisa, akaoa akahamia Kigali, kinanda kikabaki kimefunikwa kitambaa. Kwaya ikatazamana. Mukandutiye akasema, "Mi nitajifunza." Niyonsenga, kiongozi wa kwaya, akamuuliza kama wateja wamepungua.

Mwalimu alimpata huko Rugerero, nje ya mji, jina lake Evode, bwana mpole aliyekulia Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka. Kila Jumanne mama anapanda moto, pikipiki ya kukodi, anakaa mbele ya kinanda cha mwalimu, na mguu wake wa kulia unaanza kukanyaga chini kama uko kwenye cherehani. "Mama, mguu upumzike," anasema Evode. Unapumzika kidogo, unaanza tena.

Na hayo masomo, jamani! Vidole vilikuwa na nafuu, kichwa ndicho kilichoteseka.

"Do ni kibao cheupe kilicho kushoto kwa vyeusi viwili," Evode anamwambia. "Kati ya do na re kuna cheusi. Kati ya re na mi kuna cheusi. Kati ya mi na fa hakuna."

"Hakuna kwa nini? Nani alikula ya pale?"

"Hakuna aliyekula, mama. Pale ni nusu toni."

"Na hii nyeusi ya huku, ni diyezi, ya kupandisha, ao ni bemoli, ya kushusha?"

"Yote mawili. Inategemea unakotoka."

"Yewe! Kitu kimoja, majina mbili, na yote iko sawa?" Akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, na mpaka leo ukimuuliza ule mstari ulimaanisha nini hajui.

Lakini alikwenda. Mwezi wa pili akapiga wimbo mzima kwa mkono wa kulia, Evode akampigia makofi. Akamrekodia wimbo uleule kwenye simu: "Ukifika kanisani, weka simu juu ya kinanda, piga pamoja nami."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Alikiwasha kinanda cha kanisa, akaitafuta do kushoto kwa vyeusi viwili, akabonyeza pamoja na simu. Mungu wangu! Simu inakwenda huku, kinanda kinakwenda kule, kelele inaumiza meno. Akahesabu vibao upya. Ni palepale. Akarudia, balaa lilelile. Jumanne kwa mwalimu akapiga bila kosa. Alhamisi kanisani, kelele. Akampigia simu Evode, naye akauliza, "Unabonyeza wapi?"

"Nabonyeza do."

"Basi hiyo siyo do, mama. Sikiliza vizuri."

Sikiliza vizuri! Mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza. Alikuwa amekifungua kinanda, amekifunga, amekipangusa vumbi, amekiombea. Akabaki na neno moja, na neno hilo likamkosesha usingizi: kama vidole viko sawa na mashine iko sawa, kilichoharibika ni sikio. Uzee umeingilia huko. Na asiyesikia ataanzishaje wimbo?

Hakumwambia mtu. Akavumilia mwezi mzima, akianzisha nyimbo kwa woga, akiwachungulia watu nyuso kama wanajua. Mwisho akaenda kwa Niyonsenga. "Sikio yangu imekwisha. Tafuta mwingine."

Alitarajia kubishiwa, angalau kidogo. Niyonsenga akasema, "Bon. Umetumika sana, mama. Uwera, yule binti wa mstari wa mbele, ataanzisha." Mama akarudi nyumbani akilia njia nzima, akamtumia Evode ujumbe: asante mwalimu, nimeacha.

Evode hakukubali. Akashuka mjini, akamkokota mpaka kanisani, akawasha kinanda mwenyewe. Alibonyeza kibao kimoja tu, akainama kutazama namba ndogo pembeni. "Nani alikuwa akipiga hiki?"

"Rugema."

"Alikuwa akigusa vibao vyeusi?"

Mukandutiye akafikiri. "Hapana. Nyeupe tu, kila wimbo."

"Basi hajui zaidi ya hapo, wako wengi wa hivyo. Kuna kitufe hapa cha kukipandisha kinanda chote, do ikatoa sauti ya juu zaidi, na kinanda hiki hakisahau hata kikizimwa. Wewe ukianzisha wimbo, yeye anabonyeza mpaka kinakufikia ulipo. Siku ya mwisho mliimba nini?"

"Ule wa kumuaga."

"Uanzishe."

Alisita, akaanzisha. Evode akabonyeza do ileile nyeupe, na sauti mbili zikakaa mahali pamoja, hakuna wa kuzitenganisha.

"Kinanda kimebaki kwenye koo lako, mama, tangu Rugema aondoke."

Mukandutiye akaketi kwenye benchi. Alitaka kucheka, akakasirika. Muda ule wote amejiita kiziwi kwa ajili ya mashine iliyokuwa inamfuata yeye! Akauliza sasa nani amfuate nani, Evode akaanza kueleza habari za bemoli tatu, mama akapotea tena.

Jumamosi akaingia mazoezini, akapita moja kwa moja mpaka mbele. Uwera akampisha haraka, na furaha yake ya kutuliwa mzigo ilionekana waziwazi.

"Lakini mama," Niyonsenga akasema, "si ulisema sikio imekwisha?"

"Nilisema. Niliamini mashine." Akamtazama bila kupepesa. "Lakini we, Niyonsenga, miaka makumi mbili na sita unanisikia. We uliniamini mbio sana."