Jina la Mwenye Nyumba

Wiki iliyopita nilirudi Makurunge kuchimba mihogo, jembe likagonga kipande cha nguzo kilichoungua. Harufu ya moshi nikaisikia upya, rafiki yangu, ingawa moto wenyewe ulizimika ningali mtoto, mwaka ule mizinga ilipoirarua Bagamoyo nasi tukakimbilia shamba, tukiruka maiti njiani kama madimbwi ya mvua.

Bibi alinilea kwa uji wa mtama na makofi, vyote vya moto. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, hata akishamzika. Babu alikufa kabla sijazaliwa, na Bibi alimwita Mwenye Nyumba tu. Nasi sote tukafuata.

Kabla ya vita nilikuwa nikipeleka madafu misheni, nikajibanza darasani kwa mwalimu aliyependa Kiebrania kuliko chakula. Bado ananifundisha, bado ananichapa. Alisema Waebrania wa kale walimwita Mungu El, yaani mwenye nguvu, na Elohim, ndugu wa lile "ilahi" tunalolisoma kwenye chuo cha Kurani. Shadai ni Mwenyezi, ingawa wataalamu wanagombana lilikotoka; wengine wanasema milimani. Lakini jina lake hasa lina herufi nne, asili yake ni "kuwako", nao kwa heshima hawalitamki. Wakilifikia, husoma Adonai, Bwana wangu.

"Kumbe Waebrania wameolewa!" nikasema. Fimbo ile naikumbuka.

Asubuhi moja askari wa mzungu wakafika shambani wakisaka wapiganaji. Jirani yetu alikimbia, wakampiga risasi mlangoni pake. Damu ikatapakaa kwenye mtama aliokuwa akiuanika. Kisha wakamshika Bibi.

"Nyumba ya nani hii, ajuza?"

"Ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye Nyumba."

"Unatucheza shere! Unamficha!" Kitako cha bunduki kikamvunja taya. Bibi akatema meno, akasema polepole, "Simtaji." Askari akamwekea mtutu kichwani.

Nilitaka kulitaja jina la Babu mimi. Silijui! Hakuna aliyewahi kulitamka mbele yangu. Nikaropoka lililokuja: "Anaitwa Shadai! Alishakufa! Kaburi lake lile pale, chini ya mkorosho!"

Bibi, ambaye uongo hakuujua, akafungua kinywa anikanushe, damu ikamziba. Askari akaliendea kaburi, akalipiga teke, akaona kweli ni la zamani. Akashusha bunduki. Wakachoma nyumba, wakaenda zao wakiwa na mbuzi wetu begani.

Jioni, kando ya majivu, Bibi akauliza kwa shida, "Huyo Shadai nani, wewe mjukuu wa balaa?"

"Mungu, Bibi. Kwa Kiebrania."

Kofi likanishukia. "Astaghfirullah! Umemzika Mungu chini ya mkorosho?" Halafu akacheka, huku ameshikilia taya, machozi yakimtoka.

Taya halikupona. Masika hayakumkuta. Waliolijua jina la Babu, wengine waliuawa, wengine wametawanyika nisikokujua. Mwalimu anasema siku hizi hakuna mwenye hakika herufi zile nne zilitamkwaje, na husema kwa huzuni kubwa, kama aliyefiwa.

Mimi naona Waebrania wana nafuu. Wao waliachiwa herufi nne. Mimi nimechimba mihogo juu ya majivu ya nyumba ya Mwenye Nyumba, na sina hata moja.