Kusoma Theluji Kabla Haijaporomoka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koleo. Nilikuwa nimetoka Toronto na shahada yangu ya jiografia, nimesafiri hadi milima ya magharibi ya Kanada, na nilidhani nitaonyeshwa meza na kompyuta. Mkuu wa Kituo, mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizoganda kila alipopumua, aliviangalia viatu vyangu, akaridhika, akasema, "Chimba hapa mpaka uone udongo."

Nilichimba mpaka shimo likanifika mabegani. Akashuka, akausawazisha ukuta mmoja mpaka ukawa kama umepigwa lipu, kisha akaniambia nipitishe kidole kutoka juu hadi chini. Mimi ni mzaliwa wa Singida. Miaka yote ya masomo niliishi kwa mjomba wangu katika mtaa wa Lawrence Heights, na theluji niliyoijua ni ile ya kukwangua kwenye kioo cha gari lake huku nikiilaani. Nilidhani theluji ni kitu kimoja. Kumbe sivyo. Juu ilikuwa laini kama unga wa ngano. Chini yake ilikuwa ngumu, kidole hakikupenya. Halafu nikafika kwenye mstari mwembamba ambao punje zake zilimwagika zenyewe.

"Umekuta nini?" akaniuliza.

"Kama sukari."

"Nasi tunaiita hivyo hivyo. Hiyo ndiyo inayoua watu."

Kuanzia hapo sikutamani tena meza. Nilitaka kujua sukari ile imetoka wapi, na kwa nini iko pale na haipo hatua chache pembeni.

Nyinyi vijana mlionikaribisha niwasimulie kazi yangu, acha niwaeleze kidogo. Theluji inayoanguka leo hulala juu ya ile ya juzi, na kila tabaka hukumbuka hali ya hewa iliyolileta: upepo, jua, baridi kali. Matabaka yakishikana vizuri, mlima hutulia. Lakini tabaka dhaifu likifunikwa na theluji nzito iliyoshikamana, mzigo ule wa juu huwa kama bamba lililowekwa juu ya gololi. Uzito wa mtu mmoja aliyevaa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, unatosha kulikata. Bamba zima huteleza kwa mpigo, na hilo ndilo poromoko.

Tulikuwa na kipimo rahisi. Unakata nguzo ya theluji, unaweka koleo juu yake, unaligonga, kwanza kwa kiganja ukitumia kifundo cha mkono, kisha kwa kiwiko, mwisho kwa nguvu za bega. Nguzo ikikatika mapema, rudi nyumbani.

Kituo changu cha pili kilikuwa barabarani. Huko tulifunga njia na kuliangusha poromoko wenyewe kwa baruti, kabla halijaangukia magari. Madereva wa malori hawakutupenda. Mkuu wa Barabara, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alizoea kuwapelekea kahawa kwenye foleni na kuwaambia, "Nikasirikieni mimi, mlima hausikii." Nilimpenda sana, lakini moyo wangu ulikuwa kule juu, kwenye milima ya ndani ambako watu hupanda kwa miguu yao, hakuna uzio wala mlinzi. Mkuu wangu wa kwanza alipoomba nihamishiwe kituo chake kipya huko, sikusita. Kazi yetu ikawa kutembelea miteremko na kutangaza kila asubuhi hatari ni ya kiwango gani.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya jua, baada ya dhoruba ndefu. Tulichimba shimo chini ya mteremko mmoja mpana. Mkuu akagonga nguzo mpaka jasho likamtoka, haikukatika. "Imeshikana," akasema, naye hakuwa mtu wa kusema hivyo ovyo. Tukafuata kanuni: mmoja anavuka, mwingine anasimama mahali salama akimtazama. Akatangulia yeye.

Alipofika katikati nilisikia mshindo mzito, kama mlango wa ghala umefungwa chini ya ardhi. Ufa ukakimbia juu yake, mteremko ukavunjika vipandevipande, ukamchukua. Nilimkazia macho mpaka kofia yake nyekundu ikazama. Halafu kukawa kimya.

Kila mmoja wetu alivaa kifuani kifaa kidogo cha kutuma mawimbi ya redio. Nilikigeuza changu kipokee badala ya kutuma, nikashuka nikisikiliza mlio wake ukikaza. Ulipokaza kabisa nikaanza kuchoma theluji kwa fimbo ndefu. Udongo huigomea fimbo. Mwili wa mtu huirudisha kidogo, kama godoro. Nilipouhisi mwili, nikachimba kutoka upande wa chini, kama alivyonifundisha mwenyewe, huku nikilia na kumwita.

Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Nikamtoa theluji mdomoni. Akakohoa, akavuta pumzi, akafumbua jicho moja.

"Lilikatika kwenye tabaka lipi?"

"Nyamaza, mzee! Pumua kwanza!" Nilimjibu kwa Kiswahili bila kujua, naye akanyamaza kana kwamba ameelewa.

Helikopta ilimchukua akiwa na mguu uliovunjika. Mimi nilibaki na hasira. Mtu ametoka kaburini, na anachouliza ni tabaka! Lakini kesho yake, nilipokuwa nanywa chai, nikajikuta nauliza vilevile. Mlima ulipotulia nilipanda na mwenzangu hadi pale ufa ulipoanzia, tukachimba. Tulikuta tabaka dhaifu la manyoya ya barafu, yale yanayoota juu ya theluji usiku wa baridi wenye anga safi, yamezikwa yakiwa bado yamesimama. Tukarudi kwenye shimo letu la chini: hayakuwapo. Upepo uliyafagia huko kabla dhoruba haijafika. Ni mwendo mfupi tu kati ya mahali hapo pawili.

Nilimweleza hospitalini.

"Basi theluji haikunidanganya," akasema. "Nimeiuliza mahali pasipofaa."

Alirudi kazini akichechemea, na tangu siku hiyo hatukutosheka na shimo moja. Alipostaafu nilishika nafasi yake. Miaka yangu ya mwisho nilirudi Toronto, kuwafundisha ukumbini watu waliojiandaa kwenda kuteleza magharibi. Ni mji tambarare, lakini maswali yalikuwa mengi, nami nilifurahia kila moja.

Sasa nimestaafu, nakaa Pickering, mji jirani na Toronto, pamoja na binti yangu. Watu huniuliza kama nilikuwa naogopa. Niliogopa, ndiyo, lakini woga peke yake ungenirudisha mjini mwaka wa kwanza. Kilichonibakiza ni kutaka kujua. Na jambo ambalo sijalimaliza mpaka leo ni hili: mteremko usipoporomoka, huwezi kusema kama ulikuwa salama au ulikusamehe tu. Wengi huvuka mara kumi, wakajiona mafundi.

Majira haya ya baridi mjukuu wangu Neema alikwenda kule milimani na marafiki. Juzi akanipigia simu. Anakielewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Bibi, tumegeuza njiani. Mimi ndiye niliyekataa kuvuka mteremko. Wenzangu wamenuna, maana kundi jingine limeteleza palepale na hakuna kilichotokea. Sasa tutajuaje kama nilikuwa sahihi?"

"Hamtajua."

Nyuma yake nilisikia vijiko na sahani, na vijana wakicheka.

"Mko wapi?" nikamuuliza.

"Tunakula."

"Wote?"

"Wote, Bibi."

"Haya, kula mama, chakula kisipoe."