Swali Lililokuja Msibani

Baba aliandika historia za marehemu. Kwetu Mafinga mtu akifa, kabla jeneza halijashushwa, lazima mmoja asimame asome maisha yake kwa ufupi: alizaliwa wapi, alisoma mpaka wapi kama alisoma, ameacha watoto wangapi, aliugua nini. Baba alikuwa mwinjilisti wa usharika, na kazi hiyo ilimwangukia kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na aliweza kusoma mbele ya watu wanaolia bila sauti kumtetemeka. Hakuwa mtu wa kuandika "marehemu alikuwa mcha Mungu" halafu akaishia hapo. Aliandika kwamba marehemu alipenda ulanzi uliokolea, ile pombe yetu ya mianzi, kwamba alikuwa fundi seremala aliyejenga nusu ya vitanda vya mtaa ule na yeye mwenyewe akalala kwenye kitanda kibovu mpaka siku ya kufa. Watu walicheka makaburini, wakafuta machozi, wakaendelea kuzika.

Nilipopata kazi nilimpelekea kompyuta kuukuu. Alijifunza kuchapa kwa vidole viwili, akaziingiza historia zote, hata za watu waliozikwa kabla sijazaliwa. Ndipo macho yakaanza kuondoka. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Kwa lugha ya hospitali zetu, maana yake ni kwamba tukalee mgonjwa nyumbani.

Mimi naishi Mbeya, nafundisha kompyuta chuoni. Saa ambazo wenzangu wanafuga kuku au wanauza viwanja, mimi hujitolea kuitunza lugha moja ya programu, yaani lugha ambayo watu hutumia kuiandikia kompyuta maagizo. Haina mwenyewe. Anayeona kosa hulirekebisha, wengine walioko kila pembe ya dunia hukagua rekebisho lake, na wakikubali linaingia katika toleo linalofuata. Hakuna anayelipwa. Kipande ninachokishughulikia ni cha maandishi: kompyuta itajuaje neno linaanzia wapi na kuishia wapi, liwe la Kiswahili, Kiarabu au lugha ambayo sitaisikia maishani. Ni kazi ya kuchosha na sijui kwa nini naipenda. Huenda siipendi, ni ubishi wangu tu.

Baba alipokuwa haoni tena herufi, nilimwekea kwenye simu programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Waliitengeneza watu wengine, kwa kutumia lugha ile ile ninayoitunza. Nikamuuliza aanze na historia ya nani.

"Ya mama," alisema.

Yaani mama yake, bibi aliyenilea mimi. Historia yake baba aliiandika macho yakiwa bado mazima, na katikati yake yupo ng'ombe mmoja ambaye bibi alimuuza ili baba aende shule. Ile sauti ilisoma vizuri mpaka ilipomfikia ng'ombe. Ilisema "ng", ikanyamaza kama lori la mbao lililozimika mlimani, kisha ikasema "ombe". Ikaendelea, ikakutana na neno lingine la aina hiyo, ikazimika tena.

"Huyu anamchinja ng'ombe wa mama yangu," baba alisema, akacheka.

Siku iliyofuata hakucheka. Aliniambia niizime.

Nilitafuta kosa liko wapi, nikitumaini ni la waliotengeneza ile sauti ili nipate wa kumlaumu. Halikuwa lao. Lilikuwa kwenye kipande changu, ndani ya lugha yenyewe: ile alama ndogo inayokaa juu baada ya herufi ilihesabiwa kuwa mwisho wa neno. Maandishi yalifika kwenye sauti yakiwa yameshakatwa.

Nilijitolea kumsomea mwenyewe. Nilikaa pembeni ya kitanda chake na jiko la mkaa katikati yetu, kwa sababu baridi ya kwetu Mufindi mwezi wa sita haina huruma na wazee. Nilipofika pale bibi anapomfungua ng'ombe asubuhi na kumpeleka mnadani bila kumwambia mtu, nilikwama. Nikajikaza, nikashindwa, nikalia.

"Hapana," baba alisema kwa upole. "Historia haisomwi hivyo. Anayesoma akilia, wanaosikiliza wanamsikiliza yeye. Tusubiri mashine. Yenyewe haitalia, itafika mwisho. Unaweza kuitengeneza?"

"Naweza. Lakini lazima wenzangu wakubali kwanza, ndipo iingie kwenye toleo."

"Ahaa. Kuna kikao."

Baba alikuwa amekaa kwenye vikao vya usharika maisha yake yote, vya kujadili bati na vya kujadili kwaya. Alielewa mara moja kuliko wanafunzi wangu. Tangu siku hiyo kila nilipopiga simu, baada ya salamu yetu ya kamwene na habari za mvua, swali lilikuwa moja: "Kikao kimesemaje?"

Niliandika rekebisho, nikalituma. Mmoja akajibu kwamba kuna lugha ambazo alama hiyo ndiyo mpaka halisi wa maneno mawili, kwa hiyo nikiiondoa nitawaharibia wengine. Alikuwa na haki, nikaanza upya. Mwingine akasema majaribio niliyoweka hayatoshi. Nikayaongeza. Wa tatu hakupenda jina nililokipa kipande fulani cha maagizo yangu, nikalibadilisha huku nikisaga meno. Nilipigwa danadana kwa adabu kubwa, kila danadana ikianza na asante. Halafu wakanyamaza wote. Najua kila mmoja wao anajitolea kama mimi na huenda ana mzee wake anayeugua. Kujua hakukunipunguzia hasira.

"Kikao kimesemaje?"

"Bado, baba."

"Wameahirisha," alisema, kana kwamba ananifariji mimi.

Kifua kilimshika baridi ilipozidi. Mama alinipigia asubuhi, nikapanda basi, na tulipokuwa tunakaribia Makambako shangazi akapiga simu. Alipoanza kwa kuniuliza kama nimekaa au nimesimama, nilijua. Nilitazama miti ya misonobari mpaka Mafinga bila kuwaza kitu chochote ninachoweza kukieleza.

Kwetu, moto wa msiba ukishawashwa uani, mikono ya wafiwa inafungwa. Hakuna anayeshika kazi yake mpaka moto uzimwe. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyepita nyumba nzima kukusanya: jembe, shoka, panga, hata sindano ambayo mama anashonea vitambaa. Aliviweka chini ya kitanda cha baba. Kisha akaja nilipokaa na wanawake kwenye mkeka, akanyoosha mkono.

"Na lako."

"Shangazi, mimi sina jembe."

"Unalo, mwanangu. Kaka alikuwa ananisimulia." Akauvuta mkoba wenye kompyuta kutoka mgongoni pangu, akaupeleka chini ya kitanda pamoja na vingine.

Sikubisha. Nilishukuru, kwa kweli. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani kuiita kazi ile kazi. Simu ilibaki kwangu kwa ajili ya rambirambi, na taarifa za ule mradi wa lugha ya programu sijawahi kuzifungulia kwenye simu kwa sababu zinamaliza bando.

Tulimzika. Historia yake ilisomwa na mwinjilisti mpya, aliyeandika kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu, akaishia hapo.

Moto ulipozimwa tukanyolewa, na shangazi akamrudishia kila mtu chombo chake. Niliiwasha kompyuta kwenye meza ya baba, nikaufungua ule mjadala. Siku ile aliyofariki, asubuhi, mkaguzi mmoja alikuwa ameandika kwamba kazi sasa inaonekana nzuri, ila angependa kujua jambo moja kabla ya kuipitisha: je, yupo mtu halisi anayehitaji hili, au ni nadharia tu?

Chini yake kulikuwa na ujumbe wa roboti, programu inayofunga yenyewe mijadala iliyokaa bila jibu. Tumeiweka sisi wenyewe ili mijadala isirundikane, nami niliiunga mkono wakati ule. Ilisema kwamba kwa kuwa mwenye ombi la rekebisho hajajibu, ombi limefungwa. Ikanishukuru kwa mchango wangu.

Nililia kwa hasira kuliko nilivyolia makaburini. Swali lilikuwa jepesi mno. Yule mtu alikuwa chumba cha pili, kwenye kitanda kile kile, labda akipumua bado wakati swali linaandikwa. Lilipokuwa likisubiri jibu, jibu lilikuwa kwenye sanduku. Na roboti haijui msiba. Inajua tu kwamba mtu amenyamaza.

Niliandika jibu refu la matusi ya kistaarabu, nikalifuta. Nikaandika: "Alikuwepo. Alikuwa baba yangu. Mlipokuwa mnasubiri jibu, tulikuwa tunamzika."

Kesho yake asubuhi ombi lilikuwa limefunguliwa, limekaguliwa na kupitishwa. Wote watatu walinipa pole, kila mmoja kwa namna ya kwao. Hilo nalo likaniudhi. Nilitaka lipite kwa sababu ni sahihi, nao walilipitisha kwa sababu nimefiwa. Nilisema asante.

Toleo jipya lilichelewa, na waliotengeneza ile programu ya kusoma wakachelewa kulichukua. Mvua zilikuwa zimerudi na ulanzi umeanza kuuzwa barabarani nilipoenda tena Mafinga. Nilimkuta mama jikoni, kavaa koti la baba juu ya kanga. Simu ya baba ilikuwa kabatini, imezimwa. Nikaichaji, nikaisasisha, nikaiweka juu ya kigoda kati yetu. Sikumwambia ni nini. Niliifungua historia ya bibi.

Sauti ilianza kwa ukavu wake ule ule. Alizaliwa, aliolewa, alizaa. Ikafika kwenye ng'ombe, ikamtaja mzima mzima, ikapita. Ikamfungua, ikampeleka mnadani, ikamuuza, ikampeleka baba shule. Haikukwama popote na haikulia. Ilifika mwisho.

Mama alikuwa ameacha kumenya viazi. Aliitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Anasoma vizuri," alisema. "Na huyu alikuwa wapi siku zote?"

"Kwenye kikao, mama."