Pomboo, Konokono na Mwalimu Zéphirin

Mwalimu Zéphirin, Mungu amlaze pema, alifundisha biolojia mjini Kasongo kwa chaki na vichekesho. Mwaka wake wa mwisho alichora ubaoni pomboo wa bahari ya mbali, ambaye wa aina yake wamebaki wachache kwa sababu ya nyavu, na pembeni yake konokono anayeishi kwenye kilima kimoja tu duniani.

"Wote wawili wanakwisha. Tuokoe nani?"

"Pomboo!" darasa likapiga kelele.

"Na konokono amewakosea nini?"

"Mwalimu, huyo hana hata sura!"

Jioni mwalimu alimsimulia dada yake mkubwa Mado, aliyezoea kumwita yaya, akicheka mpaka sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikampalia. "Unaona, yaya? Pomboo anazaliwa akitabasamu, basi watu wanamlilia. Konokono, siku wakifyeka kile kilima, hakuna atakayeuliza alikwenda wapi."

Likizo ilipofika akaenda Salamabila kuchimba dhahabu, kama walimu wengine. Shimo likawafukia yeye na mtoto wa mwenye shimo. Mado alipopata habari alipanda pikipiki bila hata kubadili kitenge. Alitaka jambo moja tu: mwili wa ndugu yake, aulaze karibu na mama yao. Alikuta mashine ya kufukua shimo imezimwa.

"Mafuta imekwisha, mama," mlinzi akasema.

"Jana ilikuwa iko?"

"Jana tulikuwa tunatafuta mutoto ya mwenye shimo. Tulimupata."

"Na mwalimu?"

Mlinzi akatazama viatu vyake. "Pole, mama."

Mado aliazima jembe, akachimba mpaka wakamwondoa kwa nguvu, ukingo usije ukamwangukia na yeye. Njia nzima ya kurudi alishika rozari, lakini sala haikumtoka.

Nyumbani, baba mdogo Alimasi alikuwa ameshakata mgomba. Ndiyo desturi: mtu asipopatikana, mgomba huzikwa mahali pake, ili matanga yapate kuisha. Waliuvisha shati la darasani la Zéphirin, wakauviringishia sanda. Katekista akasoma, wanawake wakaimba, na mgomba ukateremshwa kaburini.

"Shika udongo, mwanangu," Alimasi akasema. "Tumusindikize."

"Mimi simwagi."

"Mado! Si ndugu yako huyu?"

"Ndugu yangu alishamwagiwa udongo, baba. Wa kumtoa ndio walikosekana."

Akakunja mikono yake yenye malengelenge, akaacha wengine waufukie mgomba wao.