Mbwa wangu Meja alichangia damu, halafu mama mmoja wa Moshono akaja kumwona mzazi

"Pole baba. Pole baba yangu. Lamba kidogo tu, kwa ajili yangu."

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa mbao, chumba cha matibabu. Mama mtu mzima anambembeleza mtoto mwenye homa, ndivyo nilivyodhani. Nikajiuliza mtoto anafanya nini kwa daktari wa mifugo.

Wakuu, natumaini wikiendi imewakuta salama. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Sijaongeza kitu, ila kuna mengine nimeyaacha kwa sababu bado yananibana kifuani. Ni uzi wa mbwa, kwa hiyo ambaye hapendi mbwa apite taratibu, asitupigie kelele.

Naishi Sekei, sina mke wala mtoto. Nina Meja. Ni dume la rangi ya kahawia, kifua kipana, sauti ya kutisha fundi umeme, moyo wa kuku. Radi ikipiga huko mlimani anaingia chini ya kitanda changu, na kitanda kinainuka.

Siku hiyo nilimpeleka kwenye chanjo yake ya kila mwaka. Basi.

Daktari, dada mmoja kijana anayeitwa Neema, alitoka chumba cha ndani akamwangalia Meja muda mrefu. Si uso. Alikuwa anaangalia shingo.

"Kaka, huyu ana umri gani? Anakula vizuri? Dawa ya kupe unampa?"

Nikajibu kwa kujisifu, kama mzazi aliyeitwa shuleni kupewa zawadi.

"Basi njoo uone kitu," akasema.

Ndani nikamkuta yule mama. Kitenge, sweta, viatu vya kanisani. Nitamwita Mama Ndeshi. Ni Mchaga wa Machame, makazi yake Moshono. Kwenye meza mbele yake alilala mbwa mdogo mweupe mwenye madoa, amechoka hata mkia haumsikii. Jina lake Poa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tuombee."

Neema akainua mdomo wa Poa. Fizi zilikuwa nyeupe kama unga wa sembe. Homa ya kupe imekula damu, akasema, dawa ameshapewa, lakini hana damu ya kumfikisha mpaka dawa ifanye kazi. Bila damu ya mbwa mwingine haoni jioni.

Mama Ndeshi hakuniomba. Alinieleza tu, huku anampangusa Poa macho. Watoto wake wako Dar na Mwanza. Kila alfajiri Poa ndiye anayekwaruza mlango wake ili wasichelewe ibada. Wanapanda wote mpaka kanisani, yeye anaingia, Poa analala nje kwenye ngazi za mlangoni mpaka "Amina" ya mwisho.

"Mchungaji anasema ndiye msharika asiyekosa," akasema, akacheka kidogo. Kicheko kikakatika njiani.

Wakuu, niseme ukweli. Nilitaka kukataa. Mabango ya hospitali yanasema mtu anachangia damu kwa hiari. Sasa hiari ya Meja nani anayo? Mimi ndiye niliyeshika kamba.

Nikachuchumaa, nikamnong'oneza: "Meja, tumpe?"

Akanilamba sikio. Mnaweza kucheka. Mimi nililichukua kama jibu.

Sasa kwa wale ambao yatawakuta.

Kwanza mbwa anapimwa. Awe mkubwa, mwenye afya, amechanjwa, hajawahi kuongezewa damu. Walimpima uzito, wakamtoa damu kidogo kuangalia kama hana vijidudu vya kupe, maana utamwokoaje mgonjwa kwa kumpa ugonjwa uleule? Halafu Neema alichanganya matone ya Meja na ya Poa, akaenda nayo kwenye darubini. Mbwa nao wana makundi ya damu, mimi sikujua. Pale mlangoni tulisimama mimi na Mama Ndeshi kama ndugu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Zimekubaliana," Neema akasema.

Mama Ndeshi akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi.

Pili, wananyoa shingo. Jiandae kisaikolojia, maana ile mashine ikianza kunguruma mbwa anakugeukia wewe. Damu inatoka kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Mbwa mtulivu hahitaji dawa ya usingizi. Meja, mwoga wa radi, alilala ubavu, kichwa kwenye mkono wangu, akanitazama mpaka mwisho. Sindano ilipoingia alishtuka mara moja tu. Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu anayevua mzigo.

Mfuko ulijaa polepole. Neema alikuwa anautikisa taratibu ili damu isigande. Ilikuwa nyeusi kuliko nilivyotarajia, na nilipougusa ulikuwa wa moto. Joto la Meja, lile ninalolijua miguuni mwangu wakati wa baridi, limekaa kwenye plastiki.

Haikuchukua muda. Wakambana pale palipochomwa, wakampa maji na nyama. Aliyumba kidogo aliposhuka, akasimama. Siku hiyo usimvishe mkanda wa shingo, usimkimbize, mwache alale, maji yawe karibu. Na usikubali achangie tena mapema, daktari ndiye atakayesema lini.

Poa aliwekewa damu tone kwa tone, Neema akiwa pembeni anahesabu mapigo, kwa sababu mwili unaweza kuikataa. Haukuikataa. Kabla sijaondoka fizi zilianza kupata rangi, waridi hafifu sana. Mama Ndeshi alizunguka meza. Akainama akambusu Meja juu ya ile shingo iliyonyolewa.

Somo nililopata nalisema hapa kabla sijafika mwisho, kwa sababu baada ya hapo sitaweza. Damu inanunua muda. Haikuahidi zaidi ya hapo. Ukiielewa hivyo, toa bila kusita. Na wewe mwenye mbwa, hebu niambie hapo chini: ungekubali? Aliyewahi kupitia haya atupe yake, na madaktari wa mifugo mliomo humu nirekebisheni nilipokosea.

Sasa nimalizie.

Wiki iliyofuata, asubuhi, nasikia hodi getini.

"Hodi humu! Nimekuja kumwona mzazi!"

Jirani yangu Mama Glory alikuwa anaanika nguo. Akaziacha.

"Heee! Mzazi? Jirani, umezaa kimyakimya hivyo?"

"Mzazi ni mbwa," Mama Ndeshi akamjibu bila kucheka, akapita ndani. Mama Glory alishika kamba ya nguo asianguke.

Mama Ndeshi alibeba hotpoti imefungwa kwa kitenge. Ndani mtori, ndizi na nyama vilivyopondwa vikawa uji mzito. Kaskazini huku ndicho chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua, kumrudishia damu aliyomwaga.

"Sijaweka kitunguu wala chumvi. Nilimpigia daktari kumuuliza," akasema. "Mbwa kitunguu ni sumu, ulijua?"

Nilifurahi mno. Mtu haji na mtori akiwa na msiba, nikawaza.

"Poa anaendeleaje, mama?"

Akaendelea kufungua kitenge.

"Poa tumemzika jana, mwanangu. Ini lilikuwa limeshaharibika."

Nikamvuta Meja, alikuwa ananusa hotpoti.

"Ila Jumapili alinikwaruzia mlango," akasema. "Alfajiri. Nikadhani naota. Tukaenda mdogo mdogo, tunapumzika njiani. Akalala pale pake. Nilipotoka alikuwa ananisubiri, kichwa juu. Hiyo Jumapili ni ya huyu."

"Mama, sasa na msiba huo ulihangaika kupika?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Kwani damu aliyotoa imemrudia? Poa hayupo, lakini huyu si ametoka damu? Aliyetoka damu anapewa mtori. Kwetu ndivyo."

Akakaa sakafuni na sketi yake ya ibada, akachota kwa vidole, akapuliza upoe. Meja akala mkononi mwake, polepole kuliko ninavyomjua, akalamba mpaka pete.

Aliponyanyuka nikachukua viatu nimsindikize mpaka barabarani.

"Rudi," akasema. "Mzazi haachwi peke yake."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, kwa mikono miwili, usije ukapiga kelele.