Siku Nilipomuua Mume wa Injinia

Chekeni kwanza mmalize, maana hata mimi mpaka leo nikipita mtaa wa Mkomani, Lamu, natembea nikiangalia viatu vyangu, nisije nikakutana na Bi Zainabu akaniuliza mbele za watu, "Bwana Mutua, leo umemfisha nani?"

Wakati ule wa korona nilikuwa afisa wa rasilimali watu wa kampuni moja ya kigeni ya ujenzi, yaani kazi yangu ilikuwa kuwatunza wataalamu kutoka nchi za mbali: viza, bima, nyumba, hata kuwatafutia jibini (mimi mtoto wa Machakos, jibini nalijulia wapi?). Ndege ziliposimama wageni wakakwama, na mmoja wao alikuwa Injinia Lusia, mama kutoka Chile, ambaye kwa miezi minane hakuwa amemwona binti yake, na binti alikuwa karibu kutimiza miaka minne. Kampuni ikakodi ndege moja ya kuwarudisha makwao kwa sharti moja: ukae peke yako siku kumi na nne, na ukionana na mtu unaanza kuhesabu upya, na ndege haikungoji.

Nikampangishia nyumba ya kizamani yenye kuta nene, nikaona nimemaliza kazi. Kumbe jirani, Bi Zainabu, alikuwa hapati raha, mgeni gani huyu hatoki wala hapokei hata kipande cha mkate wa mofa, na siku ya tisa nilipoleta chakula akanisimamisha mlangoni. "Kwani ana nini mwanamke huyo?"

Sasa jamani, ningesema karantini? Siku zile neno hilo lilitosha kuhamisha mtaa, tungetolewa na masanduku yetu. Nami nilijiona mjuzi wa Lamu (miaka miwili si haba!), nikakumbuka dada ya mwenye nyumba wangu, alipofiwa na mumewe, alikaa eda ndani zaidi ya miezi minne na sikuona mwanamume hata mmoja akiukaribia mlango ule. Nikasema, "Yuko eda, Bi Zainabu."

"Inna lillahi! Mumewe amekufa?"

Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo, lakini hapana pia sikusema.

"Masikini mwana wa watu, na nti si yake," akasema kwa Kiamu chake (nti ni nchi) huku machozi yanamlengalenga, nami nikaenda zangu nimefurahi. Nisilolijua ni kwamba eda huwafungia mlango wanaume tu.

Asubuhi ya siku ya kumi na tatu kulikuwa na mkutano wa mtandaoni wa kuthibitisha abiria, wakubwa wote wapo na familia zimealikwa kusalimia. Nafika na mkate wangu, nakuta viatu vya kike vimejaa mlangoni, na wanaume wenye barakoa wamekaa kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, wananigusa kiwiko mmoja mmoja, "Pole, Bwana, Mungu awape subira." Pole ya nini? Nikataka kuingia, mama mmoja akanizuia. "Wapi wewe? Ndani mna wanawake!"

"Lakini mimi ndiye ninayemtunza!"

"Leo tunamtunza sisi."

Simu ikalia, mkutano umeanza. Nikaufungulia palepale dakani, na kwenye kioo namwona Lusia amekaa mkekani, mabuibui yamemzunguka, udi unafuka, Bi Zainabu amemkumbatia na Lusia mwenyewe analia kwelikweli (baadaye aliniambia waliingia kabla hajawazuia, naye akadhani wamekuja kumuaga). Mkubwa wangu akauliza, "Mutua, hao ni nani?" Nikasema majirani. "Wanafanya nini?"

Mara kwenye kioo akatokea mwanamume mwenye ndevu, amempakata mtoto anayepunga mkono na kuita, "Mama! Mama!"

"Na huyu?" Bi Zainabu akauliza.

Lusia akafuta machozi. "Mume yangu," akasema.

Wallahi yowe lililotoka mle ndani sijalisikia tena! Wanawake wakatoka mbio, wengine viatu wameviacha, na wanaume wote dakani wakanigeukia mimi. Bi Zainabu akatoka wa mwisho, polepole. "Bwana Mutua," akasema, "marehemu anatusalimu."

Jina la Lusia likafutwa kwenye orodha tukitazama sote, na yule mtoto alikuwa bado anapunga mkono. Ndege ikaondoka bila mama yake, na siku ya mtoto ya kuzaliwa ikafika Lusia akiwa katika siku ya sita ya hesabu mpya, akingoja ndege nyingine. Nilikiri yote, Bi Zainabu akaninunia, lakini kila adhuhuri aliweka sahani kizingitini, akagonga, akasogea upande wa pili wa njia na kuita, "Lusia, kula!" Siku hiyo ya sita alileta halua, wakamwimbia mtoto kwenye simu, Lusia dirishani na Bi Zainabu dakani kwake.

Mimi nilisimama kwenye kona, kwa sababu hakuna aliyeniita. Tangu hapo, mtu akiniuliza mgeni wangu ana nini, namwambia kweli kabla hajamaliza kuuliza, na mtaa ukitaka kuhama, na uhame.